Bolti Iliyokatika Mkononi Mwangu

Zamu ya kuandika imenifikia. Wenzangu waliotangulia wameandika mambo ya safari, ya shule, hata ya mapenzi. Mimi sina maneno mengi ya namna hiyo. Mimi ni fundi gari hapa Nakivale, upande wa Base Camp, na nimeamua kuandika juu ya kitu ninachokijua: bolti iliyogoma. Msicheke. Kuna bolti moja ilinipa aibu na ikanipa akili, na siku ile ilibaki kidogo tu niwaweke watu hatarini kwa sababu ya woga wangu.

Nianze mwanzo. Nilijifunza ufundi kwa miezi mitatu, kwenye mafunzo ya vijana. Kwetu Uvira bolti tunaiita bulo, na spana tunaiita kle, kwa hiyo wiki ya kwanza nilikuwa nasikiliza maneno kuliko kazi. Mwalimu akisema "nipe spana ya kumi na saba," mimi natazama wenzangu wanashika nini. Lakini nilipenda. Siku ya kumaliza tulipewa kila mtu cheti na sanduku la vifaa. Sanduku jekundu, ndani spana zinang'aa zimepangwa kuanzia 8 mpaka 24. Nililibeba kichwani kutoka ukumbini mpaka nyumbani ili watu waone. Mama yangu alilifunika kwa kitenge usiku, eti vumbi lisiingie.

Baada ya hapo Mzee mmoja Mrundi alinipokea kwenye gereji yake. Gereji ni neno kubwa. Ni turubai, miti minne, benchi yenye vaisi, na shimo la kuingia chini ya gari. Lakini Mzee ana mikono. Alianza ufundi Bujumbura akiwa kijana kama sisi. Sanduku langu alilitazama, akachukua spana moja, akaigonga kwenye vaisi, akasikiliza mlio wake. Hakusema kitu. Akairudisha mahali pake.

Mwezi wa nne wa kufanya kazi kwake, siku moja Mzee alikwenda Mbarara kutafuta sahani za klachi. Aliniachia gereji. Aliniambia, "Kazi ndogo fanya. Kazi kubwa ningoje." Saa tatu asubuhi ikaingia Kikumi.

Kwa wasiokaa Uganda: Kikumi ni Toyota Corolla AE100, ile iliyoanza kutengenezwa 1991. Huku vijijini ndiyo teksi yetu. Inabeba watu, mahindi, kuku, godoro, vyote pamoja. Hii iliyokuja ilikuwa ya kikundi cha akina mama, waliinunua kwa pesa zao za akiba, na wameajiri dereva. Dereva alikuwa na diski mbili mpya za breki za mbele kwenye gazeti. Akasema, "Kijana, za zamani zimeliwa. Nibadilishie, kesho alfajiri nina abiria wa Mbarara."

Nikajiambia hii ni kazi ndogo. Darasani tulibadilisha diski mara mbili.

Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Ili utoe diski kwenye gari ile, lazima kwanza uondoe kile chuma kinachobeba kalipa na pedi. Kinashikwa na bolti mbili tu, kichwa namba 17, zinaingilia upande wa ndani, nyuma ya gurudumu. Zilikaza kidogo, zikatoka. Upande wa kushoto bolti ya juu nayo ikatoka. Ya chini ikakataa.

Hapa nitawaambia makosa yangu moja moja, kwa sababu ndiyo somo lenyewe.

Kosa la kwanza: sikuisafisha. Bolti ile ilikuwa imefunikwa na udongo mwekundu uliokauka pamoja na kutu. Spana iliingia nusu tu kwenye kichwa, na mimi nikaona inatosha.

Kosa la pili: upande. Bolti zile zinaangalia ndani ya gari, na mimi nilikuwa nimekaa nje ya tairi, nimeingiza mkono kwa nyuma. Ukikaa hivyo, kulegeza kunageuka machoni mwako. Dakika kama tano nzima nilikuwa naikaza. Naikaza bolti iliyogoma, kwa nguvu zangu zote, halafu nashangaa kwa nini haitoki.

Kosa la tatu: spana yenyewe. Spana zangu za ringi zilikuwa na pembe kumi na mbili kwa ndani. Kichwa cha bolti kina pembe sita. Spana ya pembe kumi na mbili inashika kwenye ncha za kona tu, na kama chuma chake ni laini, kona zinateleza. Niliposhtuka na kugeuza upande wa kulegeza, ikaruka. Nikarudisha, ikaruka tena, nikajichubua vidole. Nilipotazama kwa tochi ya simu, kichwa cha bolti kilikuwa mviringo kama shilingi. Na spana yangu mpya imefunguka mdomo.

Kosa la nne ndilo kubwa. Hasira. Nilichukua boksi ndogo zaidi, namba 16, nikaigonga kwa nyundo juu ya kile kichwa kilicholiwa mpaka ikashika. Hiyo peke yake si vibaya, mafundi wengi tunafanya. Lakini nikavalisha mpini wake paipu la chuma la mita moja na nusu, nikasimama, nikavuta kwa uzito wa mwili mzima. Sikuwa nimeweka mafuta hata tone.

Ikaanza kuzunguka. Nikafurahi! Lakini fundi aliyekomaa angejua kwamba ule mzunguko ulikuwa na ulaini usio wa kawaida, kama kupinda ndizi. Bolti inayolegea inakwenda kwa ukali, inalia, inasimama, inakwenda tena. Bolti inayokatika inalainika kwanza. Halafu, kaa! Nikaanguka chali na paipu kifuani. Kichwa cha bolti kilikuwa ndani ya boksi. Mwili wake umebaki ndani ya gari.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilikaa chini pale pale.

Dereva alikuja, akaniuliza kuna nini. Nikamwonyesha. Akatazama kichwa kile kama mtu anayetazama jino. Halafu akasema jambo ambalo nilikuwa nalitamani moyoni: "Si bolti ya juu ipo? Rudisha hiyo moja, funga tairi, nitakwenda polepole. Wale mama gari ikilala wananihesabia."

Nataka muelewe nilikuwa wapi siku ile. Mzee aliniambia kazi kubwa nimngoje. Nikikiri, nitaonekana sijui kazi, na kijana mgeni akiharibu gari ya watu, jina linasambaa kambi nzima kabla ya jioni. Nilikuwa na mama na wadogo zangu wawili, na chakula tunachopata kilikuwa kimeshapunguzwa. Na zaidi ya yote, kwa macho huwezi kuona. Ukifunga tairi, hakuna mtu duniani atajua kwamba nyuma yake pana bolti moja badala ya mbili.

Basi nikarudisha kila kitu. Diski ya zamani ikabaki upande wa kushoto. Nikakaza bolti ya juu. Nikafunga tairi. Nikashusha jeki. Dereva akanipa pesa, nikazipokea.

Wakati anawasha gari, bibi mmoja alikuwa anapita na jembe begani. Ni jirani, Mkongo mwenzetu, anamjua mama yangu. Akamwuliza dereva kama kesho kuna nafasi, anapeleka mjukuu kliniki Mbarara. Dereva akasema nafasi ipo. Halafu bibi akageuka kwangu, sio kwa dereva, akaniuliza: "Mwanangu, gari imepona?"

Sikuweza kusema ndiyo. Mdomo ulikataa kabisa. Nikaingiza mkono dirishani nikachomoa ufunguo.

Dereva alinitukana, sitayaandika hapa. Bibi hakuelewa kitu. Mimi nikampigia Mzee simu nikiwa nimeshika ule ufunguo, nikamweleza yote, hata habari ya tairi na pesa. Alinyamaza kwa muda mpaka nikadhani salio limekwisha. Akasema, "Rudisha pesa zake. Toa tairi. Usiguse kitu kingine. Naja."

Alifika jioni. Nilijiandaa kufukuzwa. Hakusema neno juu ya bolti. Alisema juu ya tairi. "Mwanangu, bolti hata mimi nimevunja, hata jana ningeweza kuvunja. Lakini wewe ulifunga tairi juu yake." Akanikalisha akanieleza, kwa kutumia mkono wake kama kalipa na sufuria kama diski. Ukikanyaga breki, pedi zinaibana diski, na diski inataka kuzunguka nazo. Kinachoizuia kalipa isizunguke ni zile bolti mbili. Ukiacha moja, uzito wote unaangukia hiyo moja, kwa kila breki, kwa kila kilima cha Isingiro. Italegea au itakatika. Kalipa itageuka, itagonga rimu, itakata mpira wa breki, na mafuta ya breki yatamwagika. Dereva atakanyaga pedali na itashuka mpaka sakafuni. Kasi yake haina maana hapo, kama yuko kwenye mteremko na watu wanane ndani.

Nilimfikiria bibi na mjukuu wake. Usiku ule sikula.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyotoka, maana hapa ndipo ufundi.

Mzee kwanza alichukua brashi ya waya akasafisha pale pote mpaka chuma kikaonekana. Akachanganya dizeli na oili ya gia boksi ya otomatiki, akadondoshea kwenye maungio. Akachukua nyundo ndogo akagonga-gonga, sio kwa nguvu, tki tki tki. Akasema mtetemo unafungua njia ndogo ndogo kwenye kutu ili mafuta yapenye. Akadondoshea tena. Halafu akaniambia twende tukalale.

Mimi nikamwambia, "Mzee, tuvute tu leo tumalize. Kungoja ndiko kumetuua sisi." Nyote mnajua nilichomaanisha. Kambini tunangoja kadi, tunangoja usaili, tunangoja jina kwenye orodha. Akanijibu, "Huku ni kungoja kwa namna nyingine. Mafuta yanafanya kazi wakati wewe umelala." Saa nne usiku nilirudi peke yangu kwa tochi, nikadondoshea tena. Na saa kumi alfajiri tena.

Asubuhi Mzee akanionyesha kitu ambacho mimi kwa hofu sikukiona. Bolti zile zinapita kwanza kwenye tundu lisilo na uzi, la mkono wa gurudumu, ndipo zinajifunga kwenye uzi wa kile chuma cha kalipa. Kichwa kikiwa kimekatika, hakuna kinachozuia chuma kile kutoka, isipokuwa kutu ya tundu. Alitoa bolti ya juu, akagonga chuma kile kwa nyundo kutoka pembeni mara sita, saba, kikatoka chote mkononi, na kipande cha bolti kimesimama nje kama kidole. Tatizo lililokuwa limejificha ndani ya gari sasa limo kwenye vaisi, mezani, kwenye mwanga. Ningetulia dakika kumi siku ya kwanza, ningeliona.

Tukatoa mipira na pini zake zote, kwa sababu moto ulikuwa unakuja na mpira haupatani na moto. Tukaenda kwa jirani anayechomelea milango. Akachukua nati kubwa kidogo, akaivalisha kwenye kile kipande, akachomelea ndani ya nati mpaka ikawa kitu kimoja na bolti. Sasa bolti ina kichwa kipya. Na moto wa kuchomelea wenyewe ni dawa: chuma kinapanuka, kinapoa, kinasinyaa, na kutu inapasuka. Kikiwa bado cha moto, Mzee akagusisha mshumaa pale bolti inapoingia. Nta ikayeyuka ikanyonywa ndani kama maji kwenye mchanga.

Akanipa spana. Yake, sio yangu. Akaniambia, "Kaza kwanza, kidogo. Halafu legeza. Ikienda robo, irudishe. Usiwe na haraka nayo." Nikakaza kidogo, nikasikia "tik." Nikalegeza. Ikalia kwa ukali, ile sauti kavu ya kutu. Robo mbele, nyuma kidogo, mafuta. Nusu mbele, nyuma kidogo, mafuta. Ikatoka. Uzi wa ndani ulikuwa mzima.

Bolti mpya hatukuiokota dukani tu. Mzee alisema bolti ya breki si bolti ya dirisha. Tuliipata kutoka gari nyingine ya aina ile ile iliyokuwa imekatwa kwa vipuri: urefu ule ule, uzi ule ule, alama ya ugumu ile ile kichwani. Tazameni vichwa vya bolti zenu, mara nyingi vina namba kama 8.8 au 10.9, namba ikiwa kubwa, chuma kina nguvu zaidi. Nikaianza kwa vidole, sio kwa spana, mpaka ikaingia mizunguko kadhaa bila kupinga. Hiyo ni sheria: isipoingia kwa vidole, kuna kitu hakiko sawa.

Gari ilikosa safari moja. Gharama ya kuchomelea na bolti nilikatwa kwenye malipo yangu, na nilistahili. Bibi alisafiri siku iliyofuata.

Tangu siku ile nimetoa bolti nyingi zilizogoma, na utaratibu wangu hauruki hatua. Kwanza brashi. Pili mafuta na subira. Tatu boksi ya pembe sita, iingie mpaka mwisho, na mkono mmoja uishike isiyumbe. Nne nagonga kichwa kwa nyundo, pigo moja moja lililonyooka. Tano nakaza kidogo kabla ya kulegeza. Sita ni moto, na moto unapelekwa kwenye nati au chuma kinachoishika bolti, maana hicho ndicho unataka kipanuke. Na kamwe si karibu na tangi, paipu za mafuta au mpira wa breki. Kichwa kikishaliwa, naweza kukipiga tupa kiwe na pande za namba ndogo zaidi, au kugongea boksi ndogo, au kuchomelea nati. Drili ni ya mwisho kabisa, na lazima utoboe katikati ya katikati, kuanzia tundu dogo. Ukipinda, unaua uzi. Na ile pini ya kuchomolea bolti tunayoingiza kwenye tundu, uwe nayo makini, maana ni chuma kigumu sana. Ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiigusi.

Na kwa wanaoshika lori za Kijapani za zamani: nati za tairi za upande wa kushoto mara nyingi zinalegea kinyume. Tafuta herufi L au R kwenye ncha ya bolti kabla hujapanda juu ya spana. Nimeona watu wawili wazima wakiikaza nati kwa jasho, wanaamini wanaifungua. Sikuwacheka. Nilijikumbuka.

Sasa nina neno moja kwa kaka na dada wa mashirika, na ninalisema kwa heshima. Asanteni kwa mafunzo, bila hayo nisingefika kwa Mzee. Lakini yale masanduku mekundu mtuulize kwanza. Spana ishirini za chuma laini zinaharibu bolti za watu, na jina linaloharibika ni la kijana, sio la duka lililowauzia. Wenzangu kadhaa waliuza masanduku yao sokoni na watu wakasema wakimbizi hawana shukrani. Hapana. Walijaribu kufanya kazi nayo, yakawashinda. Tupeni vifaa vitano: boksi za pembe sita za 10, 12, 14 na 17, za chuma kizuri, na mpini mmoja usiopinda. Hizo nne zinafungua sehemu kubwa ya Toyota zinazopita hapa. Na mwezi wa nne wa mafunzo uwe gereji, kwa mzee mwenye mikono, ambako bolti zina kutu kweli. Gari ya darasani tulikuwa tumeifungua na kuifunga mara nyingi mno, bolti zake zilitoka kwa vidole.

Na kwenu vijana wenzangu: utavunja. Kama unafanya kazi, utavunja kitu cha mtu siku moja. Usifunge tairi juu yake. Piga simu, hata kama mkono unatetemeka.

Aliye na bolti iliyogoma, aje gereji. Paipu tunayo, iko nyuma ya benchi, lakini tutaanza na brashi ya waya.